Maji Yakivujia kwa Jirani: Nani Atengeneze, Nani Alipe, na Mpangaji Asimame Wapi

Masika yakishika, shauri linalowafikia wazee wa mtaa Mkomani na Langoni mjini Lamu, au Maweni na Muyeye kule Malindi, mara nyingi huwa na sura moja. Maji yanashuka kutoka bafu la juu hadi dari la chumba cha chini. Wa chini anapanda kugonga mlango akiwa amekasirika. Wa juu ni mpangaji. Anampigia simu mwenye nyumba, naye yuko Mombasa au Jeddah, anaahidi kutuma fundi, na fundi haji. Zikipita wiki mbili jirani anawaambia watu kwamba mpangaji huyu ni mchafu na hajali, na mwenye nyumba anaanza kusema, "Ukiona tabu, hama."

Mpangaji aliyebanwa hivyo hudhani ana kesi mbili: ya matengenezo na mwenye nyumba, na ya ugomvi na jirani. Sivyo. Ni kesi moja, na jirani anayelalamika anaweza kuwa shahidi wake bora kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye anayeona matone yakianguka na hana faida yoyote ya kusema uongo juu ya bomba la mtu mwingine. Kinachoharibu mambo ni mpangaji kumfanya jirani adui kabla hajajua maji yanatoka wapi.

Sheria inampa mwenye nyumba mzigo gani

Msingi ni Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012. Kifungu cha 65 kinaorodhesha ahadi ambazo kila mwenye nyumba huhesabiwa amezitoa, hata kama mkataba haukuzitaja. Nne zinagusa shauri hili moja kwa moja. Mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti yake aachwe akae kwa utulivu bila kusumbuliwa na mwenye nyumba. Nyumba au chumba cha kuishi kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu siku ya kuingia, na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Iwapo kilichopangishwa ni sehemu tu ya jengo, mwenye nyumba atunze paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu ya maji, pamoja na njia na vifaa vinavyotumiwa na wote. Na iwapo nyumba imeharibiwa na moto, mafuriko, au ubovu wa ujenzi ambao si kosa la mpangaji, hata haifai kukaliwa yote au sehemu yake, kodi husimama kwa kiasi kinacholingana na uharibifu mpaka itengenezwe. Ikipita miezi sita bila kutengenezwa, mpangaji anaweza kuvunja upangaji kwa ilani ya mwezi mmoja.

Wengi pwani hawana mkataba wa karatasi. Walipeana mikono barazani, kodi ikatajwa, funguo zikatolewa. Haki hazipotei kwa hilo. Kifungu cha 58 cha sheria hiyo hiyo kinakubali upangaji wa muda mfupi, yaani wa miaka miwili au chini usio na haki ya kuongezwa, au ule wa mwezi kwa mwezi, ufanywe kwa mdomo. Kinachohitajika ni kuthibitisha kwamba upo, na ujumbe wa M-Pesa wa kila mwezi kwenda namba ile ile ni ushahidi wa kutosha kuanzia. Anayelipa taslimu adai risiti, au walau atume ujumbe siku ile ile: "Nimekukabidhi kodi ya Mei, shilingi elfu nane, leo saa tisa," na aubakize kwenye simu.

Upande wa pili upo pia, na mpangaji asijifanye hakuuona. Kifungu cha 66 kinamtaka alipe kodi, aweke majengo aliyopangishwa katika hali nzuri ya kadiri, na ayarudishe kama alivyoyapokea, isipokuwa uchakavu wa kawaida na ajali zisizo za uzembe wake. Hapa ndipo tofauti ya chumba na nyumba nzima inapokuwa kubwa. Aliyepanga orofa ya juu au chumba kimoja hana deni la paa wala ukuta mkuu. Hilo sheria imelisema waziwazi. Aliyepanga nyumba nzima ya mawe ya Mkomani, kuanzia daka, yaani ukumbi wa mlangoni, hadi paa, hawezi kuegemea kipengele kile cha sehemu ya jengo. Anabaki na ahadi kwamba nyumba itafaa kukaliwa, lakini mwenye nyumba ataweza kumwambia kwamba matunzo ya kila siku, pamoja na kuzibua mfereji wa paa kabla ya mvua, yalikuwa yake. Kwa hiyo anayechukua nyumba nzima asikubali funguo bila mstari mmoja wa maandishi unaosema paa na kuta ni za nani.

Kwa vitu vidogo desturi imeshakata shauri: mpira wa bomba linalodondoka, balbu, kitasa kilichovunjwa na mtoto, tundu la bafu lililozibwa na nywele au wali, hayo ni ya mpangaji. Bomba lililopita ndani ya ukuta, shimo la choo linalotumiwa na vyumba sita, nyaya za umeme zilizochomeka ndani ya plasta, hayo ni ya mwenye nyumba. Kunyonya shimo likijaa ndiko kunakoleta ugomvi kila mwaka, kwani sheria inazungumzia kulitunza shimo bila kusema nani analipa likijaa kwa matumizi. Liandikwe mapema.

Kwanza jua maji yanatoka wapi

Hakuna hatua yenye thamani kuliko hii, na ndiyo inayorukwa. Fundi akija bila kuambiwa mahali, atapasua vigae vya bafu zima, atapaka saruji, na mwezi ujao maji yatashuka tena. Vipimo vifuatavyo havigharimu zaidi ya ndoo na saa chache, na vyote vifanywe jirani wa chini akiwa chumbani kwake akitazama dari.

Anza na maji safi. Funga bomba zote, na kama nyumba ina tangi juu ya paa, funga pia koki inayolijaza. Weka alama ya chaki au tepu pale maji yalipofika ndani ya tangi, halafu mtu yeyote asitumie maji kwa saa moja. Maji yakishuka chini ya alama, bomba la maji safi linavuja mahali fulani kati ya tangi na bomba zako, na dari la jirani litakuwa linadondoka mchana na usiku bila kujali kama unaoga. Kama nyumba haina tangi, soma mita badala yake: gurudumu dogo likizunguka ilhali kila kitu kimefungwa, jibu ni lile lile.

Tangi lisiposhuka, nenda kwenye maji machafu. Chukua ndoo ya lita 20, uimwage polepole moja kwa moja ndani ya tundu la bafu bila kulowesha sakafu. Matone yakianza chini ndani ya dakika chache, kosa liko kwenye bomba la kutolea maji au kwenye maungio yake na tundu. Yasipoanza, kosa huenda liko kwenye sakafu yenyewe: vigae vimeachana, au aliyejenga hakuweka kizuia maji chini yake. Kwa sakafu ya zege, ziba tundu kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya mfuko, jaza maji kina cha sentimita 2, na ungoje saa nzima.

Kipimo hicho cha mwisho kisifanywe kamwe kwenye sakafu ya boriti. Bafu la mita 2 kwa 2 lenye maji ya sentimita 2 limebeba lita 80, yaani kilo 80, na chokaa iliyo juu ya mawe hunywa maji ikazidi kuwa nzito. Boriti za mkoko huoza kwanza pale vichwa vyake vilipoingia ukutani, mahali ambapo macho hayafiki. Katikati ya chumba inaweza kuonekana nzima ilhali imebaki kushikwa na kipande cha ukubwa wa kiganja. Kwa nyumba za namna hiyo lowesha kona kwa kona, lita 5 kila kona, ungoje nusu saa kabla ya kuhamia nyingine. Ukiona boriti imepinda kuliko wenzake, au vumbi la mbao linaanguka chini yake, acha kutumia chumba cha juu, mtoe na mtu wa chini, na umwite mwenye nyumba siku hiyo hiyo.

Choo cha kuvuta kina kipimo chake: tia rangi ya chakula ndani ya tangi lake dogo. Rangi ikishuka kwenye bakuli bila mtu kuvuta, mpira wa ndani umechakaa, na huo ni wa mpangaji na bei yake ni ndogo. Ukivuta kisha rangi ikaonekana kwenye dari la jirani, kiungo cha chini ya bakuli ndicho kilichofunguka.

Yote hayo yakitoka safi, tazama umbo la unyevu. Doa linalokua mvua inaponyesha tu, hata kama hujatumia bafu siku tatu, ni la paa au ufa wa ukuta wa nje. Unyevu unaoanzia sakafuni na kupanda hadi kama mita moja, ukiwa na unga mweupe wa chumvi juu yake, unatoka ardhini. Jirani wa chini anayemlaumu mpangaji wa juu kwa unyevu wa namna hii hana shauri naye kabisa. Maji hayapandi kutoka bafu la juu.

Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinahitaji neno moja zaidi, maana matengenezo mabaya yamezidhuru nyumba nyingi za Lamu kuliko mvua. Chokaa hupitisha unyevu. Ukuta unalowa na kukauka kila msimu. Ukipakwa saruji juu yake, maji yaliyo ndani hayapati pa kutokea, chumvi inakusanyika nyuma ya plasta, na baada ya misimu michache saruji inabanduka vipande vikubwa ikiwa imeshika na uso wa jiwe. Mwenye nyumba akituma fundi na mifuko ya saruji kuziba unyevu wa ukuta wa mawe, mpangaji ana haki ya kumwandikia kwamba hayo si matengenezo. Malindi, kwenye majengo mapya ya ghorofa, ubovu ni wa aina nyingine: zege lililochanganywa kwa mchanga wa bahari au maji ya kisima yenye chumvi huozesha nondo, kutu hutanuka, na vipande vya zege hudondoka kutoka chini ya roshani. Hilo ni jengo, wala halihusiani na namna mpangaji anavyoishi.

Barua moja iliyoandikwa vizuri

Simu haina ushahidi. Andika, na uandike mambo ambayo mtu mwingine anaweza kuyapima. Kiswahili kinatosha. Mfano wa barua inayosimama:

*"Mimi ni mpangaji wa orofa ya juu katika nyumba yako ya Langoni. Tarehe 3 Mei jirani wa chini alinieleza kwamba maji yanashuka chumbani kwake. Tarehe 4 Mei saa 4 asubuhi nilimwaga lita 20 kwenye tundu la bafu naye akiwa chini. Matone yalianza baada ya dakika 6. Tangi la paa halikushuka kwa saa moja, kwa hiyo bomba la maji safi ni zima. Nimeacha kutumia bafu hilo. Naomba utume fundi kabla ya tarehe 11 Mei. Anaweza kuingia siku yoyote kati ya saa 10 jioni na magharibi. Picha nne ziko pamoja na barua hii, na nakala nimempa jirani."*

Hakuna lawama ndani yake, wala kitisho. Kuna tarehe, kipimo, hatua ambayo mpangaji amechukua kupunguza madhara, muda na ruhusa ya kuingia. Hiyo ruhusa ni muhimu: mwenye nyumba ana haki ya kuingia kwa wakati unaofaa kukagua na kutengeneza, na mpangaji anayemfungia fundi mlango amejiharibia kesi yake mwenyewe. Itume kwa WhatsApp na pia kwa karatasi, msimamizi wa nyumba atie sahihi kwenye nakala yako. Akikataa, mwite mzee wa mtaa ashuhudie ikiachwa. Usifute ujumbe wala kubadilisha simu kabla shauri halijaisha. Ushahidi wa simu unapopelekwa mahakamani huambatana na cheti kinachoeleza ulivyotolewa na kifaa gani, kwa mujibu wa kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi.

Muda wa kumpa haukuandikwa kwenye sheria kwa siku. Kadiria kwa hatari. Maji taka yanayoingia ndani, umeme unaorusha cheche au dari linalotaka kuanguka: siku moja au mbili. Uvujaji wa kawaida: wiki. Kazi ya paa la mawe mjini Lamu huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu boriti na chokaa hupitia kwenye vichochoro mgongoni mwa punda, na kila kitu kinachotoka bara kimevuka kwa mashua kutoka Mokowe. Tena mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo kazi inayobadilisha ukuta, mlango au paa hupitia kwanza ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Kitaifa. Kubadilisha bomba au kurudisha chokaa iliyodondoka si kubadilisha nyumba. Mwenye nyumba anayesema "nangoja Makumbusho" ili asitengeneze bomba la choo anatafuta kisingizio.

Kwa jirani, nenda mwenyewe

Usimtumie mtoto, na usimjibu dirishani. Bisha hodi, salimu kama inavyopasa, na kama ni mtu mzima mwite kwa heshima yake. Maneno yanayofaa ni machache: "Mama, shikamoo. Nimekuja kuona hayo maji. Nitafanya kipimo kesho asubuhi, nakuomba uwepo utazame. Leo leo nimeshaacha kutumia bafu, na mwenye nyumba nitamwandikia, nakala nitakuletea." Basi. Usiahidi kulipa godoro wala kupaka rangi kabla sababu haijajulikana, kwa maana ahadi hiyo itarudi kwako kama ungamo.

Kisheria wajibu wa mpangaji kwa jirani ni huu: analipa kilichotokana na uzembe wake, kama bomba aliloliacha wazi maji yakirudi usiku. Halipi ubovu wa jengo ambao hakuufanya. Lakini akishaujua na akaendelea kuoga juu ya dari la mwenzake kana kwamba hakuambiwa, anaanza kuwa mshiriki katika madhara. Ndiyo maana kuacha kutumia bafu siku ile ile, hata kama ni usumbufu mkubwa, kuna uzito kuliko barua kumi.

Kama wa chini ni duka, tuseme kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya maduka mjini Lamu, hasara inaweza kuwa kubwa: mchele, vitambaa, simu. Mwombe mwenye duka apige picha mali ikiwa imelowa na aweke risiti za ununuzi. Madai ya fedha kwa mali iliyoharibika, yasiyozidi shilingi milioni moja, yanaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ambayo inatakiwa kukata shauri ndani ya siku 60. Mdaiwa sahihi atajulikana kwa kile kipimo cha ndoo.

Mkishapatana na jirani, nendeni pamoja kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ikiwa mwenye nyumba amenyamaza. Hii ndiyo njia ambayo wapangaji wachache huitumia, na ni ya haraka kuliko mahakama. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu nyumba yenye unyevu unaodhuru afya na mifereji inayovuja maji machafu kuwa kero inayokatazwa. Afisa hutoa ilani ya kuiondoa kwa muda maalumu. Na kifungu cha 119 kinasema jambo ambalo linamwokoa mpangaji: kero ikitokana na ubovu wa jengo lenyewe, ilani hupelekwa kwa mwenye nyumba. Jirani aliyekuja akilalamika juu yako anakuwa ndiye aliyesukuma ilani hadi mlango wa mwenye nyumba.

Kodi usiizuie

Hasira ikipanda, wazo la kwanza ni "silipi mpaka atengeneze." Tunalipinga kwa nguvu zote. Kodi ikikaa mwezi mmoja baada ya siku yake bila kulipwa, mwenye nyumba anapata sababu ya kutoa ilani ya kuvunja upangaji, na kesi iliyokuwa juu ya bomba lake inageuka kuwa juu ya deni lako. Hata kile kipengele cha kodi kusimama nyumba isipofaa kukaliwa kisitumiwe kwa uamuzi wa peke yako. Ni cha kudai mbele ya baraza la kisheria la kesi za upangaji au mahakama. Lipa, na kwenye ujumbe wa malipo andika kwamba unalipa huku ukidai matengenezo ya tarehe fulani.

Kutengeneza kwa fedha zako na kuzikata kwenye kodi kunawezekana kwa njia mbili tu salama. Ya kwanza ni idhini ya maandishi ya mwenye nyumba yenye kiasi: "Tengeneza, usizidishe elfu kumi na mbili, ukate kodi ya Juni na Julai." Pata makadirio ya mafundi wawili, na risiti ya vifaa itenganishwe na ya ufundi. Ya pili ni amri. Kwa nyumba ambazo kodi yake ya kisheria haizidi Sh2,500 kwa mwezi, na vyumba vya namna hiyo bado vipo katika nyumba za Kiswahili za Malindi, Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, imelipatia baraza lake uwezo wa kumwamuru mwenye nyumba atengeneze, au kumruhusu mpangaji atengeneze na kukata gharama kwenye kodi. Wenye maduka, hoteli na mikahawa waliopanga bila maandishi, au kwa mkataba usiozidi miaka mitano, wana baraza lao chini ya Sura ya 301 lenye uwezo kama huo. Nyumba ya kuishi iliyozidi Sh2,500 haina baraza. Ni mahakama ya hakimu, Lamu au Malindi, na kwa mashauri makubwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoko Malindi. Asiye na uwezo wa wakili aulizie msaada wa kisheria wa serikali ulioanzishwa na sheria ya 2016.

Watu wa Lamu hupenda kulipeleka jambo kwa Kadhi. Kwa katiba, ibara ya 170, mahakama ya Kadhi inahusu hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu wanaokubali mamlaka yake, upangaji haumo. Kadhi au imamu anaweza kuwapatanisha kama mzee anayeheshimiwa, na suluhu hiyo ikiandikwa na kutiwa sahihi ina nguvu ya makubaliano. Nyumba ikiwa ni ya wakfu, au ya warithi ambao hawajagawana, ulizia kwanza nani ana mamlaka ya kuisimamia, kisha barua imwendee huyo, na nakala kwa yule anayepokea kodi.

Vitisho vya kufukuzwa

Mwenye nyumba aliyechoshwa na barua anaweza kutafuta kumtoa mpangaji kwa kisingizio cha jirani. Kwa vyumba vilivyo chini ya Sura ya 296, kuwa kero kwa majirani ni miongoni mwa sababu zinazoweza kutolewa, lakini lazima amri ipatikane kwanza, na kinachotazamwa ni mwenendo wa mpangaji au wa watu wa nyumbani mwake. Bomba bovu si mwenendo. Kwa upangaji mwingine wa mwezi kwa mwezi, ukweli ni mchungu: mwenye nyumba anaweza kutoa ilani isiyopungua mwezi mmoja, inayoishia siku ya kulipa kodi, bila kueleza sababu. Ndiyo faida ya kupata mkataba wa mwaka kabla matatizo hayajaanza.

Asichoweza kufanya ni kubadilisha kufuli, kukata maji, kung'oa mlango au kuondoa mabati. Kukamata vyombo kwa deni la kodi ni kazi ya dalali mwenye leseni anayefuata utaratibu, si ya msimamizi na vijana wawili. Chifu naye hana mamlaka ya kumtoa mtu nyumbani. Ukifungiwa, piga picha, ripoti polisi, upewe namba ya ripoti, na uende mahakamani kuomba amri ya kurudishwa siku hizo hizo, kwani ukichelewa mwezi utaulizwa uliishi wapi.

Kuna malalamiko yasiyohusu ubovu wowote: redio, jenereta, watoto wanaokimbia juu ya dari. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 50 nje ya nyumba za makazi mchana na 35 usiku, na usiku unaanza saa 2 na dakika moja. Desibeli 35 ni kidogo sana. Mazungumzo ya sauti ya kawaida huvuka hapo. Jenereta ya roshani haina utetezi baada ya saa hiyo, na mkeka mzito chini ya watoto ni rahisi kuliko kesi.

Fundi akifika

Hapo huanza malalamiko mapya, ya nyundo na vumbi. Kwa kelele za ujenzi kanuni hizo hizo zinaruhusu desibeli 60 kwenye makazi hadi saa 12 jioni, kisha zinashuka hadi 35. Kwa hiyo kazi ya kupasua ifungwe kabla ya magharibi, na isimamishwe wakati wa sala ya Ijumaa. Lamu, anayepanda paa anaona hadi ndani ya kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba ya pili, mahali wanawake wanapokaa bila buibui. Jirani aarifiwe siku moja kabla, na fundi apige hodi kwa sauti kila anapopanda. Mchanga ulioshushwa kichochoroni uingizwe ndani siku hiyo hiyo, punda wapite. Kuingia kwa jirani ili kufikia bomba kunahitaji idhini yake, na mpangaji asitie sahihi karatasi yoyote inayotaja ukuta wa kati ni wa nani. Hilo ni la wenye nyumba wawili.

Kazi ikiisha, rudia kipimo cha ndoo mbele ya jirani kabla fundi hajalipwa sehemu ya mwisho. Ngoja siku tatu, urudie tena, kisha andika ujumbe mfupi kwa mwenye nyumba na jirani kwamba vipimo vyote viwili vilitoka vikavu, na tarehe zake. Dari la jirani lisipakwe rangi wiki hiyo. Zege linahitaji wiki kadhaa za hewa kavu. Ukuta wa matumbawe uliolowa msimu mzima unaweza kuhitaji kaskazi yote ndipo ukauke, na upakwe chokaa badala ya rangi ya mafuta.